Kulisusia Gazeti Usilolinunua

Tanga gazeti la michezo halinunuliwi, linasomwa. Anayebisha na apite Ngamiani saa tatu asubuhi, barabara yoyote kati ya zile zenye namba, atazame meza ya magazeti. Magazeti yamelazwa yakionyesha nusu ya juu tu ya ukurasa wa mbele, kila moja limewekewa kijiwe lisichukuliwe na upepo wa baharini. Mbele ya meza wamesimama wanaume kumi na kitu, mikono nyuma, shingo zimeinama, kimya, kama waliokuja kumuaga maiti. Mwenye meza amekaa pembeni juu ya kreti la soda anawaangalia. Sheria yake inajulikana mtaa mzima: macho bure, kidole buku. Ukigusa umenunua.

Na usidhani ni ushamba. Mji huu ulikuwa na gazeti lake tangu enzi za Mjerumani, Kiongozi, lililotoka katika shule ya serikali ya hapahapa Tanga wakati Simba na Yanga hazijazaliwa. Kabla ya hapo wamisionari wa Magila, kule Muheza, walikuwa na Habari za Mwezi. Kwa hiyo kusoma tumeanza zamani sana. Kulipia ndiko bado tunakutafakari.

Sasa mtu asiyenunua gazeti atalisusiaje? Swali hilo lilikiweka kijiwe chetu cha kahawa macho wiki nzima, Novemba 2023, na likamfanya fundi baiskeli mmoja aingie gharama ya machungwa. Lakini hulielewi mpaka ujue ugonjwa tunaougua.

Mtu wa Tanga ana timu mbili. Ya kwanza anazaliwa nayo: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, iliyoanzishwa 1948, au African Sports, Wanakimanumanu, kongwe zaidi, ya 1936. Hiyo hukuulizwa, umeikuta nyumbani pamoja na kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Ya pili unaichagua kwa akili zako timamu, kisha inakutesa mpaka kaburini: Simba au Yanga. Wageni hutuuliza moyo mmoja unawekaje mapenzi mawili. Mjomba wangu, Coastal kwa damu na Simba kwa hiari, hujibu kwamba yeye ana wake wawili na hajapata kukosea nyumba. Mke mkubwa akimsikia huguna tu.

Mwone Mjomba siku Simba wanapokuja uwanja wetu wa Mkwakwani. Anavaa shati la buluu, rangi isiyo ya mtu, anakaa katikati ya jukwaa, na goli likiingia upande wowote anainuka nusu. Akiulizwa anasema goti linamuuma. Wanaotuchokoza husema Coastal ni tawi la Simba lenye upepo mzuri. Mjomba hulikataa neno hilo kwa ukali, na akishalikataa huangalia pembeni kama kuna kiongozi wa tawi anayemsikia.

Coastal yenyewe haimsaidii mtu kuwa na msimamo. Ni mabingwa wa nchi wa mwaka 1988, jambo ambalo kila mzee wa hapa atakueleza bila kuulizwa, hata kama umekuja kumpa pole ya msiba. Kisha tazama msimu wa 2015/16. Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Msimu huo Coastal iliichapa Yanga 2-0 Mkwakwani, Yanga ambayo ilikuwa haijafungwa na mtu kwenye ligi. Ikapanda basi hadi Dar es Salaam ikaitoa Simba kwenye Kombe la FA. Mjini hapakushikika. Na ulipofika mwisho wa ligi, timu zote tatu za Tanga zikashuka daraja kwa mpigo. Nafasi za kushuka zilikuwa tatu. Tukazichukua zote, hatukumbakizia mtu wa mkoa mwingine hata moja.

Tuliporudi Ligi Kuu mwaka 2018 klabu ikamsajili Ali Kiba. Ndiyo, huyohuyo mwimbaji. Mwenye meza ya magazeti anasema hiyo ndiyo wiki pekee wanawake walisimama mezani kwake, na hao angalau waligusa.

Lakini kama unataka kujua Coastal imetufanya nini, nikupeleke Pangani, kwenye nikahi ya binamu yangu, Jumamosi ya tarehe 2 Julai 2022. Familia iliipanga siku hiyo miezi mingi kabla, bila kushauriana na shirikisho la mpira. Shirikisho nalo likaipanga fainali ya Kombe la FA siku hiyohiyo, Coastal Union na Yanga, Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mjomba ndiye aliyekuwa walii. Baba wa bibi harusi alishatangulia mbele ya haki, na kwa ukoo wetu hapakuwa na wa kumkabidhi jukumu lile ila yeye.

Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, kofia ya viua, na waya mwembamba uliotoka mfukoni ukapanda ndani ya kanzu, ukapita shingoni, ukaishia sikioni chini ya kofia. Waliokaa karibu naye waliuona wakanyamaza, kwa sababu na wao walitaka matokeo. Shekhe alikuwa mtu wa Korogwe, hamjui. Hotuba ikasomwa vizuri, watu wametulia, udi unafuka. Shekhe akamgeukia Mjomba, akamshika mkono, akamwelekeza maneno ya kusema: nimekuozesha fulani binti fulani. Mjomba akafumba macho. Tukadhani ni uzito wa amana. Akayafumbua, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye sufuria za pilau:

"Sopu!"

Shekhe hakuacha mkono. Alisema kwa upole, "Mzee, bwana harusi hapa nimeandikiwa jina jingine."

Kumbe Abdul Suleiman, Sopu, alikuwa ametikisa nyavu. Siku ile alifunga mabao matatu peke yake. Kila alipofunga, jambo fulani lilisimama Pangani: mara nikahi, mara sinia la pilau lililokuwa likipita juu ya vichwa vya watu. Mechi ikaisha 3-3 baada ya dakika za nyongeza, ikaenda penalti, Yanga wakachukua kombe. Bibi harusi akaozwa salama na wanao watoto. Muda mfupi baadaye Sopu alikuwa mchezaji wa Azam. Mjomba alisema, na hapo sauti ilikuwa ya chini, kwamba siku ile alikuwa ameozesha wawili.

Basi huyo ndiye mtu wa Tanga, na huyo ndiye aliyeamka Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023.

Jana yake Simba alikuwa amefungwa na Yanga mabao matano kwa moja. Kwa asiyefuatilia: watani hawa wamechapana vibaya mara chache tu, na kila moja ina tarehe yake vichwani mwa watu. Yanga 5-0 mwaka 1968. Simba 6-0 mwaka 1977, Kibadeni akifunga matatu. Simba 5-0 tena mwaka 2012. Mtu wa Simba huishi kwa hesabu hizo: ukimtajia tano, anakutajia sita. Lakini sita zile zina umri wa kustaafu, na tano hizi zilikuwa bado za moto.

Magazeti ya Dar yalipoteremshwa na kulazwa mezani, moja lilikuwa limepamba ukurasa wa mbele kwa kiganja kizima cha mtu, vidole vitano, na kidole kimoja pembeni yake kwa ukubwa uleule. Maneno machache, picha kubwa. Silitaji gazeti hilo kwa sababu bado napita pale. Lakini lilisema kweli tupu. Hapakuwa na chumvi, hapakuwa na tetesi; tano ni tano.

Mjomba na wenzake wa Simba wakakusanyika kijiweni kwa mwuza kahawa wakapitisha azimio. Gazeti lile limewadhalilisha. Kuanzia leo mtu wa Simba halinunui. Mwuza kahawa, ambaye hana timu kwa sababu za biashara, akauliza ni nani kati yao aliyepata kulinunua. Kimya kikapita, kashata zikatafunwa. Azimio likarekebishwa: mtu wa Simba hatalitazama. Atapita mezani uso ameugeuzia upande wa pili, na akiona mwenziwe ameinama amkanye.

Mjumbe wa kwanza kulitekeleza alikuwa fundi baiskeli. Ni mwaminifu mno huyu bwana. Kwenye banda lake hakuna kiraka cha kijani wala cha njano, rangi za Yanga, na mteja akileta tairi lenye mstari wa rangi hizo anaambiwa spea zimekwisha. Alitoka kijiweni kwa baiskeli, akaifikia meza ya magazeti, akageuza shingo upande wa msikiti kama tulivyokubaliana. Aliigeuza kikamilifu. Upande wa mbele, ambao azimio halikuutaja, ulikuwa na mkokoteni wa machungwa ya Muheza.

Hakuumia, niseme mapema. Mkokoteni ulinyanyuka mkia, machungwa yakamwagika barabarani, mengine yakaingia mtaroni, watoto wa chuoni wakatokea kutoka pasipojulikana. Mwenye mkokoteni akafunga breki zake za jiwe, akakunja mikono, akatazama. Alikuwa Yanga. Alivaa jezi ya Yanga ya miaka ile ya zamani, imepauka lakini inasomeka. Akamsaidia fundi kuinuka, akampangusa vumbi kwa heshima zote, kisha wakaanza kuhesabu hasara. Machungwa yaliyopasuka yalikuwa mengi, dazeni na zaidi, kila mtu aliona.

"Matano," akasema mwenye machungwa.

"Kaka, ni zaidi ya hapo," akasema fundi, ambaye ni mkweli. "Tazama hilo, na lile kule."

"Nimesema matano. Nilipe matano." Akainama, akaokota moja zima kutoka chini ya tairi, akamwekea kwenye kikapu cha baiskeli. "Na hili moja ni lako."

Fundi akalipa. Mtu wa tatu angesema kapata nafuu. Yeye alirudi kijiweni akisema afadhali angelipishwa gunia.

Siku ya pili ya azimio alifika mwalimu mstaafu anayeishi Chumbageni. Yeye hushuka kijiweni mara chache, na akishuka watu humsalimu kwa kusimama, maana nusu yao aliwachapa shuleni. Mwalimu ni Liverpool tangu enzi za John Barnes, kabla hapajawa na vibanda umiza vya kuonyesha mpira. Akasikia habari ya kususia akafurahi sana, akaagiza kahawa ya wote, jambo ambalo linapaswa kuandikwa mahali.

Akatusimulia. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Watu waliingizwa kwa wingi kwenye sehemu iliyozungushiwa uzio, wakabanana, wakafa. Idadi yao mwishowe ilifika 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likaandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba mashabiki wenyewe waliwaibia marehemu na kuwashambulia waliokuja kuokoa. Uongo. Ilichukua mpaka mwaka 2016 kwa baraza la mahakama kutamka kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Lakini mji wa Liverpool haukungoja mahakama. Uliacha kulinunua gazeti lile mwaka uleule, na mpaka leo kuna maduka huko hayaliweki. Everton, watani wao wa mji mmoja, nao hawalishiki.

Kijiwe kilinyamaza kwa adabu. Wafu ni wafu. Kisha Mjomba akauliza kilichowasumbua wote.

"Mwalimu, hao Everton. Ni kama Yanga wao?"

"Ndivyo."

"Na wakasusia pamoja nao?"

"Wakasusia pamoja nao."

Mjomba akatikisa kichwa muda mrefu. Alijaribu kuliona jambo hilo akilini, Yanga wa Tanga wakiliacha gazeti kwa sababu limemuumiza Simba, na akili ikakataa. Tulijua sote: Yanga wa mtaa wetu, ambao nao hawajapata kununua gazeti, siku ile walikuwa wamechanga wakanunua nakala mbili. Moja walibandika kwenye mlango wa kinyozi. Ya pili walimpelekea Mjomba nyumbani, ikapokelewa na mke mkubwa kwa shukrani.

Mwalimu alitusifu kwa kufuata njia ya Liverpool, na hatukumrudisha nyuma, kahawa tulishakunywa. Lakini mimi nimekaa na mfano ule tangu siku hiyo na naona umegeuzwa miguu juu. Wale walisusia gazeti lililowasingizia. Sisi tulisusia gazeti lililotuambia kweli. Lingetuletea uongo tungelipenda. Na ushahidi ninao, kwa sababu hatukudumu hata mwaka: dirisha la usajili lilipofunguliwa tulirudi wenyewe, kwa miguu yetu, tukainama.

Tetesi ya usajili ni uongo ambao kila mtu anajua ni uongo, na hakuna aliyewahi kuukasirikia. Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita magazeti hujaza wachezaji wanaotua kesho. Wametua wangapi? Nusu yao hata pasipoti hawana. Lakini hujapata kuona mtu akirudi mezani akisema, "Mlisema mshambuliaji wa Mali anakuja, yuko wapi, nirudishieni macho yangu." Anasamehe, anauliza wa leo ni nani.

Na tatizo ni kwamba kweli yenyewe, kwenye usajili wa Tanzania, inaupita uongo wa mwandishi yeyote. Mwaka 2012 mwenyekiti wa Simba, Ismail Aden Rage, alimfuata beki Mbuyu Twite mpaka Kigali, akamsainisha, picha zikapigwa. Twite aliposhuka uwanja wa ndege Dar alikuwa amevaa jezi ya Yanga, na mgongoni pameandikwa "Rage". Nani angetunga hilo? Emmanuel Okwi aliuzwa na Simba kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 mwanzoni mwa 2013. Fedha zilipokuwa zikingojwa, Okwi mwenyewe akatokea Yanga. Feisal Salum aliaga Yanga Desemba 2022 akaweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu ili ajinunue, klabu ikazirudisha, kesi ikaenda ikarudi, mpaka Rais Samia akawaombea wayamalize, na Juni 2023 akahamia Azam. Fundi baiskeli aliposoma kwamba Ikulu imeingia, alisema kumbe nchi hii ikitaka jambo liende linaenda, na akauliza kama Rais angeweza kuombwa pia kuhusu mtaro wa barabara yetu.

Juni 2024 ndiyo iliyotumaliza. Simba wakatangaza wamemsajili Lameck Lawi, beki kijana wa Coastal Union. Coastal wakajibu hapana, fedha hazikuja kwa wakati tuliokubaliana, kijana bado wetu. Simba wakasema ni wao. Mambo yakapelekwa kwa shirikisho la mpira, TFF. Kabla hayajatulia, ikasikika kijana yuko Ubelgiji, kwenye klabu ya Gent. Kisha akarudi, na msimu ukamkuta palepale, kwa Wagosi.

Kwa watu wengine hiyo ilikuwa habari ya michezo. Kwa Mjomba ilikuwa kesi ya familia, ambamo yeye ni mlalamikaji, mshtakiwa na mwenye nyumba inayogombaniwa. Asubuhi, akiwa Coastal, aliwaita Simba wahuni wanaotaka kuchukua mtoto wa watu bila mahari. Jioni, akiwa Simba, aliwaita viongozi wa Coastal matapeli wasiojua neno likishatoka halirudi. Alianza kwenda mezani mara mbili kwa siku. Siku Gent ilipotajwa alitazama ukurasa ule kwa muda, nusu ya chini ya habari ikiwa imelaliwa na gazeti jingine, akashindwa kuvumilia. Akanyoosha kidole akalivuta.

Meza nzima iliinua vichwa.

"Mzee," akasema mwenye meza, "umegusa."

"Nimegusa."

"Na lile lenu la kususia?"

Lilikuwa gazeti lilelile la vidole vitano. Mjomba alitoa buku kwenye kibeti akaiweka mezani, akasema hanunui gazeti, ananunua habari ya mtoto wa nyumbani, na gazeti limekuja nayo tu. Akasoma kwa sauti, wote wakamsogelea, wa Simba na wa Yanga. Habari yenyewe ilisema Lawi huenda akabaki, huenda akaenda, na kwamba chanzo kimoja cha ndani kimethibitisha yote mawili. Watu wakatawanyika wameridhika.

Kipindi hichohicho, tarehe 1 Julai, Yanga wakamtambulisha Clatous Chama. Huyo Simba walikuwa wakimwita mwamba wa Lusaka na Mjomba alikuwa amempa jina lake mbuzi dume. Mbuzi yule alichinjwa Jumapili iliyofuata bila sherehe yoyote. Nilipouliza nyama ni ya nini, mke mkubwa alinijibu, "Kula, mwanangu. Ameondoka bure."

Kususia, hata hivyo, hatujaacha kukusifu. Machi 2025, siku ambayo watani walikuwa wakutane, Simba waligoma kupeleka timu uwanjani wakisema walizuiwa kufanya mazoezi pale usiku wa kuamkia mechi. Yanga wakaenda, wakapasha misuli, hawakumkuta mtu. Magazeti ya siku ile yalikuwa yameshapanga vikosi vya pande zote. Mjomba alipita kijiweni kifua mbele: "Mwalimu yuko wapi? Mwambieni sisi tumesusia hadi mechi." Ilichezwa Juni 25, Simba akafungwa 2-0, na ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga. Siku iliyofuata Mjomba hakutokea mezani. Alituma mtoto.

Kuna mtu mmoja ambaye katika haya yote sikuwahi kusikia akibishana, naye ni mwenye meza. Miaka yote anauza Simba na Yanga, anasikiliza Simba na Yanga, na hana lolote la kusema. Nilidhani ni busara ya muuzaji, kama ya yule wa kahawa. Mwezi uliopita nilimkuta peke yake mvua inatishia, anaingiza magazeti kwenye nailoni, nikamuuliza yeye ni nani.

"African Sports," akasema.

Nikamwuliza na Dar je, Simba au Yanga? Akasema African Sports. Hana ya pili. Tangu timu iliposhuka mwaka ule wa timu tatu kwa mpigo, anafungua kila gazeti alfajiri kabla hajalilaza mezani, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, anatafuta jina la Sports. Akilikuta, ni kwenye msimamo wa ligi za chini, kwa herufi za mchwa. Siku nyingi hata huko hakuna.

"Nyinyi mnasema mnasusia gazeti," akaniambia huku akifunga fundo la nailoni. "Mimi ndiye gazeti limenisusia. Na nalipanga kila siku, nalipangusa vumbi."

Akaniangalia kama mtu aliyekumbuka jambo. Jioni hiyo vijana walipokuja kuuliza habari za usajili, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na magazeti yamekauka, akawaambia bila kucheka kwamba Sports wanaleta mshambuliaji kutoka Lubumbashi. Mrefu. Ameachwa na klabu kubwa kwa sababu ya ugomvi wa mshahara. Hakuandika popote, hakuapa. Aliwaambia tu, akaendelea kufunga mzigo.

Kabla ya isha habari ilikuwa Makorora. Asubuhi ilirudi Ngamiani ikiwa imenenepa: mchezaji ana dau la milioni 60, alishawahi kufanya majaribio Ufaransa, na mama yake ni mtu wa Pangani. Fundi baiskeli alikuwa na jina lake. Mjomba alikuja mezani akiwa na hasira za Coastal, akitaka kujua wamepata wapi hela hizo. Mwenye meza akajaribu kueleza kwamba ni yeye aliyeitunga, lakini walimkatiza, wakamwambia yeye atajuaje mambo ya usajili, yeye anauza magazeti tu.

Saa tano nilimwona anafunga meza, jambo ambalo hajapata kulifanya siku ya kazi. Nikamwuliza kuna msiba?

"Hapana," akasema, na hakuniangalia usoni. "Nafika stendi ya Kange mara moja. Kuna basi la Dar linaingia saa sita."

"Bwana, si uliitunga mwenyewe?"

"Najua," akasema, akipanda baiskeli. "Lakini hilo la mama yake kuwa mtu wa Pangani sikulisema mimi."